Mapambo Hayaihifadhi Nyumba ya Mawe

Imekuwa rai ya watu wengi katika Mji Mkongwe wa Unguja, na rai hiyo imeota mizizi hata hupingwa kwa nadra, ya kwamba fleti ya kifahari inayokodishwa kwa wageni wa likizo huihifadhi nyumba ya kale maadamu ndani yake mmetiwa sura ya kale: kitanda cha samadari chenye nguzo na chandarua cheupe, kasha la njumu za shaba miguuni pake, taa za shaba zilizotobolewa zikining'inia darini, vidaka vilivyopangwa ukutani, na ubao wa mlango wa nakshi uliolazwa na kuwekewa kioo juu yake ukawa meza. Wenye mali huiamini rai hii kwa sababu huleta kodi nzuri. Wapambaji huieneza kwa sababu ndiyo riziki yao. Na wenyeji wengi huikubali kwa sababu, wanapoona vitu vya mababu vimetukuzwa na wageni, nyoyo zao huingiwa na fakhari iliyo halali. Mimi naipinga. Siipingi kwa kuvichukia vitu hivyo, ambavyo vingi vyao ni kazi ya mikono ya mafundi ninaowaheshimu, wala kwa kuwaonea wageni choyo cha starehe yao, bali kwa kuwa nyumba ya mawe ya pwani hii ina ufundi wake na mpango wake, na mapambo yaliyowekwa bila ya kuujua ufundi huo huidhuru nyumba huku yakidai kuienzi.

Nianze na ukuta, maana ndiko madhara yanakoanzia na ndiko yasikoonekana. Ukuta wa Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa, unene wake ukifika nusu mita na aghalabu ukizidi, kisha ukapigwa lipu ya chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yale yale katika tanuri la magogo na kuizima kwa maji kabla ya kuitumia. Ukuta wa namna hii hauuzuii unyevu. Huupokea na kuuachilia. Masika ikinyesha hunywa, kaskazi ikivuma hukauka, na lipu ya chokaa, iliyo laini kuliko jiwe na yenye vinyweleo, huuruhusu unyevu utoke bila ya kuupasua ukuta. Sasa fleti ya kifahari hutaka ukuta ulionyooka, usiomchafua mgeni nguo kwa vumbi jeupe, na jawabu la haraka lililozoeleka ni saruji, na juu ya saruji rangi ya mafuta au ya plastiki. Unyevu uliopanda kutoka ardhini na ulioteremka kutoka paani hukosa njia; hutambaa, hubeba chumvi, huifurisha rangi na kuibabua, na mwenye nyumba hudhani kasoro ni ya mpaka rangi, akamwita aipake tena. Lililo ovu zaidi halimfikii machoni. Unyevu uliofungiwa huzifikia ncha za boriti zilizoingizwa ukutani, nazo huoza polepole juu ya dari ya jipsamu iliyowekwa ili kuficha nyaya na mabomba, na kwa kuwa dari hiyo ni mpya na nyeupe, hakuna anayefikiri kuifunua mpaka sakafu ya orofa ya juu ianze kubonyea chini ya miguu.

Boriti hizo zastahili kusemwa kwa kituo, kwa sababu ndizo zilizoamua umbo la chumba. Ni miti ya mikoko iliyokatwa katika delta ya Rufiji na katika hori za Lamu, miti migumu isiyoliwa na mchwa kwa wepesi, ambayo majahazi yaliibeba kwa karne nyingi si mpaka Unguja tu bali mpaka Omani na bandari za Ghuba, hata vyumba vya kale vya huko na vyumba vya kale vya huku vikawa na upana unaokaribiana, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa vyote viliezekwa kwa mti mmoja wa msitu mmoja. Kutokana na kipimo hicho chumba cha nyumba ya mawe kikawa chembamba na kirefu, chenye dari ya juu, na uzuri wake wote umo katika uwiano huo. Mpambaji wa leo huuona wembamba huo kuwa upungufu. Huamuru ukuta wa kati uvunjwe ili sebule, pahala pa kulia na jiko viwe ukumbi mmoja mpana kama zilivyo fleti za Dubai na Johannesburg, kisha katika ukumbi huo, baada ya kuifuta sura ya chumba cha Kiunguja isibaki hata alama, hutundika mapambo ya Kiunguja ili mgeni ajue yuko wapi. Ukuta aliouvunja ulikuwa umebeba boriti za pande mbili. Atatia mhimili wa chuma au wa zege mahali pake, na mhimili huo utaushindilia mzigo wote juu ya vipande viwili vya ukuta wa matumbawe na udongo ambavyo havikujengwa kwa uzito wa namna hiyo. Nahodha anayeitia nakshi omo ya jahazi ilhali kalafati imeoza hatupi shaka juu ya ustadi wa mchonga nakshi. Hututia shaka juu ya akili ya nahodha.

Kisha kuna maji, na hapa sina budi kukaa zaidi, kwa kuwa hakuna adui wa nyumba ya mawe aliye mwepesi wa kuingia na mzito wa kutoka kama maji ya bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Waliojenga nyumba hizi walilijua jambo hili. Mahali pa kuogea na choo palipangwa pembeni mwa nyumba, orofa juu ya orofa, ili maji yateremke kwa njia moja hadi shimoni. Katika nyumba kongwe za Lamu palikuwa na birika la chokaa lililosuguliwa likang'aa, na chini yake bakuli la kaure lililozamishwa ili maji yabakie kidogo birika linapokauka, na samaki wadogo waliowekwa humo kula viluwiluwi vya mbu wapate pa kuishi. Tazama jinsi anasa, usafi na ufundi vilivyokutana katika bakuli moja. Fleti ya kifahari ya leo haiulizi njia ya maji iko wapi. Nyumba iliyojengwa kwa aila moja hugawanywa fleti tano au sita, na kila fleti hudai bafu lake kando ya chumba cha kulala, na katika bafu hodhi kubwa la kulalia, kwa sababu picha ya hodhi mbele ya dirisha la mbao huvutia wapangaji. Mabomba hupitishwa kwa kuutoboa ukuta palipo karibu. Sakafu ya chokaa juu ya boriti, iliyozoea uzito wa watu na mikeka, hubebeshwa hodhi lililojaa maji. Waashi wa mji huu wanajua kwamba nyumba nyingi zilizoanguka au zinazokaribia kuanguka ziliugua kwanza penye bomba, na hilo hawakulisoma kitabuni. Wamelikuta kila walipoubomoa ukuta uliolowa.

Nayajua majibu. Nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya waashi na mainjinia, na kwamba mpambaji kazi yake ni rangi, vitambaa na samani. Siikubali tofauti hiyo. Katika nyumba ya mawe pambo na jengo havikuwa vitu viwili. Vidaka vya nyumba za Lamu za karne ya 18 havikubandikwa ukutani. Vilijengwa ndani ya unene wa ukuta na kufinyangwa kwa chokaa, safu juu ya safu, na mahali pake hapakuwa mlangoni wala sebuleni. Vilikuwa katika ndani, chumba cha mwisho kabisa baada ya misana miwili (kumbi ndefu zinazofuatana), chumba cha mwenye nyumba wa kike, karibu na chumba kiitwacho nyumba ya kati ambamo watoto walizaliwa na maiti wakaoshwa. Nyumba ile ilikuwa na daraja: kutoka baraza ya njiani hadi daka la mlangoni, kutoka daka hadi kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mbingu, kutoka kiwanda hadi msana wa kwanza na wa pili, na kila hatua moja ikikupandisha katika sitara na katika uzuri, hata mapambo bora kabisa yakawa pale ambapo mgeni asiyekuwa jamaa hakufika. Leo vidaka vya bodi ya jipsamu, vyenye kina cha kiganja, hupigwa misumari katika ujia wa kuingilia, au juu ya kinyunyizio cha bafuni, na kumulikwa kwa taa za rangi. Mpambaji amelichukua umbo akaiacha maana ya mahali, na mgeni aliyetoka mbali kwa gharama kubwa ili aione nyumba ya Waswahili huondoka bila ya kupata kujua kwamba nyumba hiyo ilikuwa na mpango wa heshima ulioweza kumfundisha jambo.

Wengine hudai kwamba mapambo hayo angalau ni ya asili, na kwamba nyumba ya Unguja imekuwa hivyo tangu zama za masultani. Historia haiwaungi mkono. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza vyumba vya majumba aliyokulia, na katika kuta zake zenye vidaka virefu na rafu alivikuta vyombo vya kaure na vya kioo, vioo vikubwa na saa zilizoletwa kutoka Ulaya. Watu wale hawakuwa wakiuigiza ukale. Walikuwa wafanya biashara wa bahari, na nyumba zao zilionyesha bidhaa mpya kabisa za biashara hiyo, zikiwekwa kwa ulinganifu ndani ya ukuta uliojengwa kuzipokea. Mji wenyewe haukuwa na sura moja. Zilikuwapo nyumba za Waarabu zilizofunga nyuso zao kwa nje na kufungua nyua zao kwa ndani, nyumba za Wahindi zenye duka chini na makazi juu, na roshani za mbao zilizochongwa kama ile ya zahanati ya zamani iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887. Anayezitia zote samadari moja, taa moja na mito ya rangi moja ameubandika mji mzima sura isiyokuwa yake.

Na madhali masultani wametajwa, sina budi kusema kwa uwazi neno linaloepukwa. Fleti nyingi humwahidi mgeni kwamba atalala kama sultani. Mji huu ulikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliendelea baada ya hapo kwa miaka. Mawe ya nyumba hizi, chokaa yake, maji yaliyopandishwa ngazi kwa ndoo kila siku, vilibebwa kwa sehemu kubwa na watu wasiokuwa huru, na wengi wa wakazi wa kisiwa hiki ni vizazi vyao. Kuuza usingizi wa sultani pasipo kuukumbuka mzigo huo ni kuwatusi watu walioijenga nyumba kwa jasho lao. Fleti haina haja ya kugeuzwa makumbusho ya huzuni, la hasha. Lakini yapaswa iache kuuza ndoto hiyo, na ukuta mweupe wa chokaa, ukiwa umepigwa vizuri, una heshima ya kutosha kwa sultani na kwa mpiga lipu pia.

Kuna swali jingine ambalo wapambaji hawapendi kuulizwa: vitu hivi vya kale vimetoka wapi? Mlango wa nakshi ni kiungo cha nyumba. Miimo yake, kizingiti chake cha juu chenye maandishi au maua, mfaa wake wa katikati, vyote vilichongwa kwa kipimo cha uwazi mmoja katika ukuta mmoja, na aghalabu vilitangulia kusimamishwa kabla ya ukuta kupandishwa. Ubao wa mlango ukigeuka meza, pana nyumba mahali fulani iliyobaki na tundu lililozibwa kwa mabati. Nyumba iliyoporomoka mvua ya mwaka huu huchanguliwa mbao zake kabla vifusi havijapoa, na uchu huo hutoka kwa wanunuzi, yaani kwa hao hao wanaodai kuhifadhi. Kila fleti iliyopambwa kwa viungo vya nyumba nyingine imeongeza bei ya uharibifu. Na wakati huo huo wachongaji walio hai, wenye karakana mjini na mashamba, hukosa kazi kubwa, wakabaki kuchonga visanduku vidogo vya kubebwa na watalii.

Sasa niikabili hoja ya wapinzani iliyo na nguvu kuliko zote, kwa kuwa haingekuwa insafu kuipita kando. Wanasema: bila ya wageni, nyumba hizi zingekuwa vifusi. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyingi zilichukuliwa na serikali, wakapangishwa watu wengi chumba kwa chumba kwa kodi ndogo, na hakuna aliyekuwa na uwezo wala wajibu wa kulitengeneza paa. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985 wakati hali ilikwisha kuwa mbaya. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo fedha za utalii ndizo zilizoyarudishia mapaa mabati na madirisha vibao vyake. Haya ni kweli, na asiyeyakiri hatakiwi kusikilizwa. Sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Atakayesema mawe haya yatajihifadhi yenyewe hana habari nayo. Lakini fedha haina macho. Fedha iliyotiwa katika saruji, hodhi na jipsamu ni fedha iliyotumika, wala haifuati kwamba ni fedha iliyookoa. Nyumba iliyokuwa ikivuja kwa umaskini sasa yavuja kwa utajiri, na tofauti ni kwamba uvujaji wa kwanza ulionekana na kila mtu, na wa pili umefunikwa.

Wala sikubaliani na wanaosema kwamba uso wa nyumba ni wa mji na ndani ni ya mwenyewe, kwa hiyo sheria ikiulinda mlango, roshani na rangi ya nje imetosha. Kanuni hiyo huenda ikafaa katika miji ambayo uso wa jengo ndio fakhari yake. Hapa nyumba nyingi kwa nje ni ukuta mtupu wenye mlango mmoja mzuri, na utukufu wake wote uko upande wa pili wa mlango huo. Kuulinda uso na kuiacha ndani ivunjwe ni kulinda kile ambacho wajenzi wenyewe walikiona kuwa kidogo.

Basi fleti ya kifahari iweje? Sisemi isiwepo; natamani iwe bora. Anayelipa fedha nyingi kulala katika mitaa ya mji huu kama Shangani au Malindi analipia kitu kisichopatikana kwengine, na kitu hicho ni chumba chenyewe. Chumba kirefu chenye boriti zilizo wazi, zilizopakwa chokaa, zikipiga mstari kutoka ukuta hadi ukuta, hakihitaji taa ishirini. Madirisha yanayokabiliana yalitobolewa ili kusi na kaskazi zipite, na mbao zake za mlazo hukata jua bila ya kuuzuia upepo. Leo hufungwa kwa vioo ili kiyoyozi kifanye kazi, na maji ya kiyoyozi hudondokea ukuta wa jirani mwaka mzima. Kitanda kikiwekwa penye njia ya upepo, na juu yake pangaboi lizungukalo polepole, mgeni atalala vizuri usiku mwingi wa mwaka, na ule mchache wa joto kali kiyoyozi kimoja chaweza kusamehewa, mradi maji yake yamepewa mfereji. Bafu liwe moja, zuri sana, penye njia ya maji ya zamani, sakafu yake imesuguliwa chokaa na mabomba yake yamepita nje ya ukuta mahali ambapo fundi ataweza kuyaona na kuyafikia. Na atakayesema bomba lionekanalo ni ubaya amezoea kufichwa mambo. Jiko liwe juu, karibu na paa, kama lilivyokuwa katika nyumba za pwani tangu zamani, ili moshi na joto viende zao. Mikeka na majamvi ya ukili isukwe na wanawake wa Pemba na Makunduchi kwa kipimo cha chumba, si inunuliwe kwa wachuuzi wa ufukweni. Kama mwenye nyumba ana hamu ya mlango wa nakshi, na amwite mchongaji amchongee mlango mpya, utiwe tarehe ya mwaka wake, ili karne ijayo ijue kwamba katika karne hii pia palikuwa na watu wenye mikono.

Nitaulizwa gharama. Chokaa hukawia: lipu yake hupigwa tabaka kwa tabaka na kungojewa, na waashi wanaoijua ni wachache, hata wakapanda ujira. Mwenye mali asiyeweza kuingoja miezi michache ya kodi ataiona saruji kuwa rahisi, na kwa msimu wa kwanza na wa pili atakuwa na haki. Lakini zahanati ya Tharia Topan, iliporejeshwa katika miaka ya 1990 kwa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, ilirudishwa kwa mafundi walioko hapa hapa, na mji ungali na watu wanaoweza kufundisha vijana kazi hiyo endapo kazi itapatikana. Kazi hiyo haiwezi kutoka kwa serikali peke yake. Yapaswa itoke kwa wale ambao sasa ndio wenye fedha mjini, nao ni wenye fleti. Na kabla hawajamlipa mpambaji shilingi ya kwanza kwa ajili ya mito na taa, wamtake awaonyeshe kwa kidole maji ya bafu yatapita wapi, ncha za boriti zina hali gani, na ni nani katika watu wake aliyewahi kuzima chokaa.